Florida: Ziwa dogo linalokodiwa kwa saa, biashara ya maji yaliyotulia

Katika jimbo la Florida, Marekani, wenye maziwa madogo ya kibinafsi wanayakodisha kwa wapenzi wa ski ya maji na wekibodi. Mteja analipia kitu ambacho ziwa la wote haliwezi kumhakikishia: maji yasiyotikisika. Lakini kabla ya kamba kufungwa kwenye boti, kuna masharti ambayo hata mkaaji wa kando ya Ziwa Kivu ana faida kuyajua.

Kwa mkaaji wa Goma ao Bukavu aliyezoea kuona Ziwa Kivu likienda mpaka macho yanachoka, ziwa lenye urefu wa mita 700 linafanana na bwawa la samaki. Katikati ya Florida, kwenye wilaya ya Polk na wilaya za jirani, ziwa la kipimo hicho linaweza kuwa mali ya mtu mmoja ao ya jamaa chache, na lango lake linafungwa kwa kufuli. Asiyekuwa na nyumba pale anaomba nafasi mapema, anapewa saa yake, anafika na ski zake. Kwa muda aliolipia, hakuna boti nyingine inayogusa maji.

Saa zinazogombaniwa ni za asubuhi na mapema, na zile za mwisho kabla ya giza. Ndio wakati upepo umelala na maji yanang'aa kama kioo.

Mbao mbili za msonobari

Mchezo huu umepita miaka mia moja. Mwaka 1922, kijana wa Minnesota aliyeitwa Ralph Samuelson alijaribu kusimama juu ya maji ya Ziwa Pepin, sehemu ya mto Mississippi, akivutwa na boti. Alijaribu kwanza kwa mbao za pipa, kisha kwa ski za theluji, akazama kila mara. Mwishoni alinunua mbao mbili za msonobari, akachemsha ncha zake ili zipindike kwenda juu. Tarehe 2 mwezi wa saba, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, alisimama.

Florida iliugeuza mchezo huo kuwa biashara. Mwaka 1936, Dick Pope alifungua bustani ya Cypress Gardens kando ya Ziwa Eloise, mjini Winter Haven. Miaka ya vita ya 1940, maonyesho ya ski yalianza pale kwa ajili ya askari, na baadaye watalii kutoka kila pembe ya Marekani wakafika kutazama. Bustani ilifunga milango mwaka 2009. Leo mahali pale pana uwanja wa michezo ya watoto wa Legoland. Hata hivyo mchezo haukuondoka. Shirika la ski ya maji la Marekani lina makao yake Polk City, mwendo mfupi kwa gari kutoka Winter Haven.

Kwa nini ziwa la wote halitoshi

Winter Haven ina maziwa mengi, na mengine yameunganishwa kwa mifereji. Mtu yeyote anaweza kushusha boti yake humo. Hapo ndipo shida inaanzia. Siku ya posho na siku ya yenga, maziwa hayo yanajaa boti za wavuvi, za familia na pikipiki za maji, na kila moja inaacha mawimbi nyuma yake.

Kwa anayetembea polepole, wimbi la sentimita chache si kitu. Kwa anayevutwa kwa mwendo wa kilometa 58 kwa saa akiwa amesimama juu ya ski moja, ni sawa na pikipiki inayokimbia juu ya mawe ya volkano katika mitaa ya Goma. Magoti yanapigwa, ski inapoteza njia, na mtu anaanguka bila kujua kilichomwangusha.

Tena wimbi halifi haraka. Likifika kwenye ukuta wa saruji linarudi katikati, linakutana na lingine, na ziwa zima linachemka. Boti iliyopita dakika kadhaa mbele inaweza kumharibia mchezaji ambaye hata hakuiona.

Ziwa linalochongwa kama kiwanja

Ndiyo maana watu walianza kuchimba maziwa yao wenyewe, ao kutengeneza upya mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga na wachimba udongo wa barabara. Ziwa la ski linapimwa kama vile fundi anavyopima kiwanja cha mpira. Kwa kawaida lina urefu wa mita 600 hadi 700 na upana wa mita 60 hadi 75. Kina cha mita mbili hivi kinatosha.

Ukingo unalazwa polepole kama mchanga wa pwani, ili wimbi lipande na kuishia pale. Kwenye miisho miwili, mara nyingi wanaacha kisiwa kidogo. Boti inageuka kwa kukizunguka, na mawimbi ya kugeuka yanabaki nyuma ya kisiwa badala ya kuingia kwenye njia ya mchezo. Wengine wanapanda miti pembeni ili kukata upepo.

Ndani ya maji wanafunga maboya. Njia ya slalomu ina urefu wa mita 259. Boti inapita katikati moja kwa moja, na mchezaji anatakiwa kuzunguka maboya 6, matatu kila upande, yaliyo mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Kwa mwendo wa kilometa 58 kwa saa, ambao ndio wa juu kwa wanaume katika mashindano (kwa wanawake ni 55), safari hiyo yote inaisha kwa sekunde 16 hivi.

Akifaulu, kamba inafupishwa. Inaanza na mita 18.25, inashuka mpaka 12, kisha 11.25, 10.75, 10.25. Tangu mita 11.25 kamba ni fupi kuliko umbali wa kufikia boya. Mchezaji analaza mwili juu ya maji na kunyoosha mkono ili ski ifike mahali ambapo kamba haifiki. Katika kiwango hicho, wimbi dogo kabisa linaweza kufuta kazi ya miezi. Ndicho kinachomfanya mtu alipie ziwa wakati maziwa ya bure yako karibu na nyumba yake.

Wekibodi na ski hazipatani

Anayekodi anatakiwa kusema mapema anacheza nini, kwani michezo hii miwili inataka maji tofauti. Mchezaji wa ski anaomba boti nyepesi isiyoacha wimbi. Mchezaji wa wekibodi, ambaye miguu yake miwili imefungwa juu ya ubao mmoja mpana, anatafuta wimbi ili limrushe hewani. Boti yake inaenda polepole zaidi, mara nyingi chini ya kilometa 40 kwa saa, na inabebeshwa mifuko ya maji ili izame kidogo na kusukuma wimbi kubwa.

Wimbi hilo linakula ukingo. Udongo unaporomoka, maji yanachafuka, na maboya ya slalomu yanahama. Kwa sababu hiyo baadhi ya wenye maziwa wanakataa kabisa boti za wekibodi, wengine wanazikubali kwa saa maalumu, na wengine wanaweka mpaka kuhusu uzito wa maji yanayobebwa. Mteja aliyeficha jambo hili anaweza kurudishwa langoni na boti yake.

Bei inabeba nini

Bei hubadilika kufuatana na mahali, saa na msimu, lakini swali la kwanza ni lile lile: pesa hiyo inanunua maji peke yake, ao maji pamoja na boti, dereva na esansi? Mahali pengine mteja analipia saa nzima na kuleta boti yake. Pengine analipia zamu, yaani kuvutwa mara kadhaa kwenye njia ya maboya na boti ya mwenye ziwa. Tofauti ni kubwa, kwani boti mpya ya ski inaweza kupita dola 100,000, na wachache wanataka kuikabidhi kwa mgeni. Ndiyo maana mwenye boti mara nyingi anashika usukani mwenyewe.

Kwa upande wake, mwenye ziwa ana gharama ambazo mteja hazioni. Magugu ya maji yanaota bila kuchoka katika joto la Florida. Wakati wa ukame, kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 5, maji yanaweza kupungua mpaka ukingo ukabaki wazi. Kuna kodi ya ardhi, kuna majirani wanaochukia kelele za motere asubuhi, na kuna bima. Bima ya nyumba ya kawaida mara nyingi haimlindi mtu anayefanya biashara kwenye uwanja wake. Kwa hiyo mkataba wa kukodi unakuja na karatasi ambayo mteja anatia sahihi kwamba anajua hatari. Mwenye busara anaisoma yote, na anauliza nani atalipa hospitali mtu akivunjika.

Sheria inafika mpaka wapi

Sheria ya Florida inamtaka kila anayevutwa kwa ski avae jile ya kuelea iliyokubaliwa, isiyo ya kujazwa hewa. Ndani ya boti lazima kuwe na mtu wa pili anayemtazama anayevutwa, ao boti iwe na kioo kipana cha kutazama nyuma. Ni marufuku kumvuta mtu kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama mpaka nusu saa kabla halijachomoza.

Lakini lango la kibinafsi linafupisha mkono wa sheria mahali fulani. Aliyezaliwa tangu mwaka 1988 anatakiwa kuwa na kitambulisho cha mafunzo ili aongoze boti yenye motere ya nguvu ya farasi 10 ao zaidi. Anayeongoza ndani ya ziwa la kibinafsi ameachiliwa sharti hilo. Hapo usalama unategemea ukali wa mwenye ziwa na akili ya mteja.

Kanuni zenyewe si ngumu. Motere inazimwa kabisa kabla mtu hajapanda boti kutoka nyuma, kwa sababu ya panga linalozunguka na moshi wenye sumu. Anayeanguka anaonyesha mikono juu ya kichwa ili dereva ajue kwamba yuko mzima. Asipoonyesha, boti inarudi mara moja. Inarudi polepole, ikipita katikati, bila kuzunguka kwa kasi, ili isiharibu maji.

Kuna pia hatari isiyoonekana. Katika maji baridi yasiyo ya chumvi, wakati joto limepanda, kunaweza kuwa na amiba iitwayo Naegleria fowleri. Inaingia kwa pua na kushambulia ubongo. Wanaoshikwa ni wachache sana, lakini karibu wote wanakufa. Mwaka 2018, kijana mmoja alikufa baada ya kucheza katika bwawa la mawimbi huko Waco, Texas. Kubana pua kwa kibanio siku za joto kali ni kinga ya bei ndogo.

Mita mbili, mita mia nne

Kwenye Ziwa Kivu hakuna lango, na maji ni ya wote. Hakuna anayelipa ili yatulie. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa karibu kufika kwenye kivuko cha Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ukingoni. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa, na wengi ndani yake walikuwa wachuuzi waliokuwa wakisafiri na mizigo yao.

Ziwa la ski la Florida lina kina cha mita mbili hivi, na ukingo uko karibu kila upande. Hata hivyo hapo hapo, mteja aliyelipa pesa zote na kukataa jile havutwi. Ziwa Kivu lina sehemu zenye kina cha zaidi ya mita 400, na abiria wengi bado wanapanda boti bila kuulizwa kama wana jile.

Ski ya maji ni mchezo wa wenye nafasi, na ziwa la kukodi kwa saa haliko karibu kufika Kivu. Masharti yake mawili, lakini, hayahitaji lango wala dola nyingi: kila mtu avae jile kabla boti haijaondoka, na mmoja apewe kazi ya kuwatazama wengine tu mpaka wafike.