Garryowen: wimbo wa walevi uliokwenda vitani

Garryowen ni mtaa wa mji wa Limerick, Ayalandi. Kwa Kiayalandi, jina hilo lina maana ya bustani ya Eoin. Mwishoni mwa karne ya 18 ulivuma wimbo unaowasifu vijana wa hapo kwa ulevi, ugomvi na kuvunja taa za barabarani.

Muziki wake ni jigi, aina ya muziki wa kucheza. Kuuelewa ni rahisi: gonga meza kwa vidole ukihesabu moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, ukikaza moja na nne. Jigi ina sehemu mbili fupi. Kila sehemu hupigwa mara mbili, kisha mnarudi mwanzo, hadi wachezaji wachoke.

Mtunzi hajulikani. Wapiga fidla na filimbi waliufundishana kwa sikio, kila mmoja akitia madoido yake, na aliyeuandika aliandika alichokisikia siku ile. Ndiyo maana nakala za zamani hazifanani. Hata Beethoven, ambaye hakuwahi kukanyaga Ayalandi, aliupangia piano, fidla na selo kwa ajili ya George Thomson, mchapishaji wa Edinburgh. Mshairi Thomas Moore naye akautilia maneno mengine kabisa.

Uliosafiri mbali zaidi ni ule wa jeshini. Jigi inafaa sana kwa gwaride: mguu wa kushoto kwenye moja, wa kulia kwenye nne. Waayalandi wengi waliajiriwa katika majeshi ya Uingereza na Marekani, wakaenda nao. Kikosi cha 69 cha New York kiliufanya wimbo wake wa gwaride, na kikosi cha 7 cha wapanda farasi, chini ya George Custer, pia.

Hapo ndipo jigi hii inapoacha kuchekesha. Alfajiri ya tarehe 27 Novemba 1868, kando ya mto Washita, Oklahoma ya leo, Custer aliiamuru bendi iupige kama ishara ya kushambulia kijiji cha Wacheyenne cha chifu Black Kettle. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba mate yaliganda ndani ya tarumbeta na muziki ukakatika. Mashambulizi hayakukatika. Black Kettle na mkewe waliuawa, na wanawake na watoto wengine pia. Sidhani Mcheyenne akiusikia leo anafikiria vijana walevi wa Limerick.

Juni 1876 bendi iliupiga tena kuwaaga askari, yenyewe ikabaki nyuma. Siku chache baadaye Custer na wote aliokuwa nao waliuawa Little Bighorn. Kikosi cha 7 bado kinautumia.

Ukiutafuta kwenye simu, sikiliza kwanza wa fidla, kisha wa bendi ya jeshi. Katika wa pili madoido karibu yote yameondolewa, kwa sababu watu thelathini wakipuliza pamoja, kila mmoja hawezi kuongeza chake.