Zamu ya Usiku Katika Nyumba ya Wazee

Kila Desemba, makundi ya makanisa na vyama vya akina mama hukodi matatu na kupeleka unga, sukari, sabuni na blanketi kwenye nyumba za wazee. Ni ukarimu wa kweli na wazee huufurahia, hasa nyimbo. Hata hivyo, mzee anayeishi katika nyumba ya malezi ni nadra kuangamizwa na uhaba wa blanketi. Kinachomwangamiza ni kuanguka saa tisa za usiku akipapasa ukuta kuelekea chooni, kidonda kilichoanza juu ya makalio bila mtu kukigundua, au kidonge cha kisukari alichomezeshwa alfajiri kisha uji ukachelewa. Mambo haya huzuiwa na mtu aliye macho, aliyefunzwa kazi, na mwenye mwenzake wa kumsaidia. Mshahara wa mtu huyo ndio msaada unaokosekana kwenye matatu za Desemba.

Nasema haya nikiwaza Kiriaini na vijiji vinavyouzunguka mji huo, upande wa Murang'a unaopakana na Othaya ya Nyeri. Miteremko ya huku imefunikwa na majani chai, na katika maboma mengi aliyebaki ni mama wa miaka 80 na kitu, watoto wako Nairobi, Thika au ng'ambo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali. Mkono wa Serikali unaomfikia kijijini ni mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, na pesa hizo hazimlipi mlezi wa kukaa naye mwezi mzima.

Hapo ndipo familia huanza kuulizia nyumba ya wazee, tena kwa sauti ya chini, maana jirani atasema wamemtupa mama yao. Aibu hiyo ina madhara kwa afya ya mzee. Familia yenye aibu huja mara chache, huja mchana, hukaa kidogo na haiulizi maswali. Tena nyumba nyingi za nchini kwetu zimeanzishwa na makanisa na masista. Nyumba ya Wazee ya Kasarani, kwa mfano, inaendeshwa na Little Sisters of the Poor, shirika lililoanzia Ufaransa mwaka 1839 kwa kazi ya Jeanne Jugan. Mtu huona vibaya kumhoji sista au mchungaji kuhusu idadi ya wahudumu wa usiku. Aulize tu. Huruma ndiyo inayomwingiza mhudumu katika kazi hii, lakini haiwezi kumpa mikono minne.

Piga hesabu ya usiku mmoja. Nyumba ina wazee 20, na wanane kati yao hawawezi kujigeuza kitandani. Kumgeuza mmoja, kumbadilisha nepi, kumpangusa, kumpaka mafuta na kumnywesha maji huchukua kama robo saa, kazi ikifanywa kwa upole. Wote wanane ni saa mbili. Wengi wao watahitaji kugeuzwa tena baada ya saa mbili hadi nne, kwa hiyo mhudumu aliye peke yake akimaliza mzunguko wa kwanza, wa pili unamsubiri. Katikati hapo mzee wa tisa anaita, anataka kwenda haja. Ama angoje mpaka ajikojolee, ama ainuke mwenyewe gizani. Nyonga huvunjika hapo. Asubuhi utaambiwa cucu, yaani bibi, ni mkaidi, alikataa kungoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na idadi kubwa zaidi ya vifo hivyo ni ya waliopita miaka 60.

Vidonda vya kulalia vinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya uuguzi vina picha za ngozi nyeupe. Kitabu kinakwambia utafute wekundu usiofifia unapobonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usiuone kabisa. Utaona weusi uliokolea kuliko ngozi ya pembeni, pengine wenye rangi ya zambarau, au hutaona chochote. Kwa hiyo tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja juu ya mfupa wa makalio, halafu kwenye nyonga, halafu kwenye visigino. Pakiwa na joto au baridi kuliko ngozi jirani, pakiwa pagumu au pamelegea isivyo kawaida, au mzee akikunja uso unapogusa, nyama iliyo chini imeanza kukosa damu. Ukiuondoa uzito mahali hapo mapema, mara nyingi ngozi hupona. Ukingoja ipasuke, huenda kidonda kimeshachimba kuelekea mfupa, na sasa unazungumzia miezi ya matibabu na hatari ya sumu kuingia kwenye damu. Usipasugue mahali hapo, hata kwa mafuta, unazidi kuumiza. Mlaze kwa ubavu akiegemea mto, weka mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro, na umpe mayai, maziwa na maharagwe, kwa maana ngozi haijengwi na uji mweupe peke yake.

Nyumba inayofanya kazi hii kwa dhati huwa na daftari la kugeuza: saa, upande, hali ya ngozi, sahihi. Omba kuliona. Ukikuta usiku mzima umejazwa kwa wino mmoja, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, bila dakika moja kupotoka, basi lilijazwa asubuhi. Daftari la kweli lina saa nne na dakika ishirini, lina mahali palipoandikwa kwamba mzee alikataa, na lina mwandiko wa watu wawili.

Dawa nazo. Vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi bado ni vya kawaida, na kwa mtu mwenye umri mkubwa vinaweza kushusha sukari kupita kiasi endapo hatakula. Jasho, kutetemeka na usingizi usio wa kawaida saa nne asubuhi si uvivu. Mpimeni sukari, na kama anaweza kumeza mpeni chai yenye sukari mara moja. Dawa za presha huweza kumwangusha anaposimama. Presha ipimwe akiwa amelala, kisha tena baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe. Na kama mzee aliyekuwa mchangamfu ameanza kusinzia mchana kutwa tangu aingie, uliza amepewa dawa gani, na nani aliyeiandika. Kuna nyumba zinazonunua utulivu kwa vidonge.

Huku kwetu kuna baridi pia. Julai, ukungu ukishuka kutoka Nyandarua, mwili wa mzee aliyekonda hupoteza joto kwa urahisi, na ukifika chini ya nyuzi 35 hiyo ni dharura. Wahudumu kwa nia njema huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Moshi hauonekani, harufu hakuna, na gesi ya makaa inaua chumba kizima wakiwa usingizini. Jiko lisiingie chumba cha kulala hata siku moja. Chupa ya maji moto ivikwe kitambaa na iondolewe kabla mzee hajalala, kwa sababu mguu wa mwenye kisukari unaweza kuungua bila yeye kuhisi. Miguu hiyohiyo ikaguliwe kila jioni. Murang'a tunaijua shida ya funza, na asiyeweza kuinama hawezi kuwaona.

Jambo moja wasomaji wengi hawaambiwi: mzee mwenye maambukizi anaweza asipate homa kabisa. Badala yake, aliyekuwa akizungumza vizuri jana, leo anawaita watu waliokufa, anavuta shuka, hajui yuko wapi. Familia husema ni uzee umefika, wengine hutaja mambo mazito zaidi. Mabadiliko ya ghafla namna hiyo ni ugonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Huenda ni nimonia, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, choo kilichokwama siku tano au dawa mpya. Afikishwe hospitalini siku hiyohiyo; kwa walio Kiriaini, hospitali ya misheni iko hapohapo mjini.

Kuhusu ukatili nitasema wazi. Mwaka 2023 BBC Africa Eye ilionyesha picha zilizopigwa kwa siri katika nyumba ya wazee karibu na Nairobi, wazee wakipigwa na wahudumu. Wengi walishtuka wakadhani ni kisa cha pekee. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinasema kwamba katika nyumba za malezi, wahudumu wawili kati ya watatu wamekiri kumtendea mzee ubaya kwa namna fulani katika mwaka uliopita. Kupiga ni sehemu ndogo ya ubaya huo. Kumfunga cucu kwa leso kwenye kiti ili asitembee, kumnyima maji jioni ili asikojoe, kumvua nguo mbele ya wengine, kumkaripia, yote yamo. Wengi wanaoyafanya hawakuja kazini wakiwa wakatili. Wamefanya zamu mbili mfululizo, hawajafunzwa namna ya kuongea na mtu mwenye ugonjwa wa kusahau, na hawana wa kumwambia wamechoka. Hiyo haiwasafishi, ila inaonyesha mahali pa kuanzia kurekebisha.

Unapomtembelea mzee wako, nenda bila kupiga simu, na siku nyingine uende saa moja jioni, chakula kinapotolewa. Tazama kama kikombe cha maji kiko mahali mkono wake unafika, kama kengele au filimbi ya kuitia iko karibu, kama wanaolishwa wameketishwa wima au wanamiminiwa uji wamelala chali, jambo linalopeleka chakula mapafuni. Uliza uzito wake wa mwezi uliopita. Mtu wa kilo 50 akipoteza kilo 2.5 kwa mwezi mmoja, kuna tatizo linalohitaji daktari, na nyumba isiyokuwa na mizani haiwezi kulijua. Uliza mara ya mwisho mzee kuanguka ilikuwa lini na walibadilisha nini baadaye. Jibu la kwamba hapa hawaanguki lisikufurahishe. Nyumba ambayo haijawahi kuandika hata anguko moja imeacha kuandika.

Vijana wetu waliokwenda Uingereza kulea wazee, hasa baada ya viza ya wahudumu kufunguliwa Februari 2022, wanaujua ukaguzi. Huko kuna Care Quality Commission, iliyoanza kazi 2009; wakaguzi wake mara nyingi huja bila taarifa, na daraja la nyumba hutangazwa ili familia ilisome kabla ya kuchagua. Hatuhitaji kungoja tume kubwa kama hiyo. Kaunti za Murang'a na Nyeri zinaweza kuanza na orodha ya nyumba zote za wazee zilizo katika eneo lao, muuguzi mmoja wa kila kaunti ndogo anayezifikia bila kutangaza, na karatasi moja ya alichokuta, ibandikwe mlangoni ambapo kila mgeni ataisoma.