Kulipwa si ushahidi

Kila ninapofundisha wafanyabiashara wa Kariakoo usalama wa miamala, swali ni lilelile: "Mtaalamu, hii programu ya kripto inalipa kweli?" Kabla sijajibu, mwenye simu anaongeza: "Mbona mimi nimeshatoa?"

Anayeuliza hivyo ni mtu makini. Anajua bei ya mzigo Guangzhou kuliko mimi, anaitambua noti bandia kwa kuipapasa, na hamkopeshi mteja asiyemjua hata shilingi. Lakini likija suala la sarafu za mtandaoni, anauliza swali ambalo jibu lake la kweli ndilo litakalommaliza. Ndiyo, inalipa. Utapeli wowote mkubwa wa aina hii hulipa. Hulipa mwanzoni, hulipa kwa wakati, na hulipa mbele ya mashahidi. Usingelipa, usingekua.

DECI ya hapa Tanzania ililipa. Waliopanda "mbegu" mapema walivuna, wakasimulia makanisani na mitaani, na watu wakapanga foleni kupanda zaidi, hadi Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009 na viongozi wake kufikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Dunamiscoins ya Uganda, iliyojiita biashara ya sarafu za kidijiti, nayo ililipa, hadi ilipofunga ofisi Desemba 2019 na kuwaacha maelfu ya watu wakilalamika hadi bungeni. LBL, iliyojiita Leo Beneath London, ililipa watu kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu, hadi Februari 2025 ilipoporomoka, polisi wakakamata wahusika na Benki Kuu ya Tanzania ikasema haikuwa na leseni. CBEX ililipa Wanigeria na Wakenya hadi Aprili 2025, utoaji wa fedha uliposimama. Katika yote manne, ungeuliza wiki chache kabla ya kuanguka kama inalipa, ungejibiwa ndiyo na watu wasiosema uongo.

Tuichambue hiyo "nimeshatoa" shilingi kwa shilingi, kwa sababu ndiyo inayomaliza mitaji ya watu.

Chukua mfano wa muuza mikoba wa Mtaa wa Kongo. Ameunganishwa kwenye programu inayodai kununua na kuuza bitcoin kwa akili bandia. Anaweka 300,000. Programu inamwonyesha faida ya asilimia 2 kwa siku, yaani 6,000. Siku ya kumi anaomba kutoa faida yake, 60,000, na ndani ya nusu saa simu inalia: umepokea shilingi 60,000. Sasa ameamini. Jioni anawaonyesha ujumbe ule dada yake na jirani wa meza ya pili. Kila mmoja anaweka 300,000. Yeye mwenyewe anachukua milioni mbili za kuagizia mzigo, anaziweka.

Sasa piga hesabu upande wa tapeli. Alipokea 300,000, akarudisha 60,000. Bado ana 240,000 za muuza mikoba huyu mkononi, na hajauza wala kununua chochote. Kwa kumrudishia sehemu ya hela zake mwenyewe, ameingiza 600,000 za dada na jirani, na milioni mbili za mzigo. Amelipa 60,000, amepata 2,600,000. Hakuna duka Kariakoo linalopata faida kama hiyo kwa tangazo la 60,000. Malipo yale yalikuwa tangazo, na aliyelisambaza ni mteja mwenyewe, bila kulipwa.

Soma tena ujumbe ule wa malipo, polepole. Mara nyingi aliyetuma si kampuni. Ni jina la mtu, kutoka namba ya kawaida ya simu. Ujumbe unathibitisha jambo moja tu: kuna mtu ametuma 60,000. Hausemi amezipata wapi. Hausemi kuna bitcoin iliyonunuliwa Jumatatu ikauzwa kwa faida Alhamisi. Huenda zimetoka kwa mtu aliyejiunga asubuhi ile Mbagala au Mwanza, naye akiamini anawekeza.

Wenyeji wa Kariakoo wanaujua mchezo wa karata tatu. Anayeshinda mbele ya macho yako ama ni mwenzao, ama ni wewe mwenyewe, umeachiwa ushindi mdogo ili utoe noti kubwa. Hakuna mzee wa Msimbazi atakayekuambia mchezo ule ni wa haki kwa sababu jana kuna aliyeshinda. Kanuni ni ileile, isipokuwa sasa karata ziko ndani ya simu.

Kuna wanaojiona waangalifu zaidi. Hao husema: "Mimi nimeanza na kidogo, najaribu kwanza." Ushauri huu unasambazwa kama busara, na naukataa kwa nguvu zote. Kujaribu kwa kiasi kidogo kunapima kitu ambacho tapeli amekiandaa kifaulu. Amepanga kabisa kwamba vya kidogo vitoke haraka. Matokeo ya jaribio lako ameshayaandika yeye. Kitakachokwama ni kile kikubwa, na hicho hukijaribu hadi siku unayokihitaji.

Tazama pia ahadi yenyewe. Asilimia 2 kwa siku, ukiiacha faida ijizalishe, inageuza shilingi 100,000 kuwa zaidi ya milioni 137 ndani ya mwaka mmoja. Hatifungani za muda mrefu za Serikali ya Tanzania, miaka ya karibuni, zimetoa riba ya kati ya asilimia 12 na 16 kwa mwaka mzima, na watu makini huziona nzuri. Mwenye mashine ya kuzalisha asilimia 2 kila siku angekopa benki, akae kimya, na baada ya miaka michache anunue Kariakoo yote. Asingekutafuta wewe kwenye grupu la WhatsApp uchangie 300,000.

Kisha kuna lile salio kwenye skrini. Mtu ananionyesha: "Tazama, nina dola 1,400." Hana. Ana tarakimu zilizoandikwa na mwenye programu, ndani ya kompyuta ya mwenye programu, na mwenye programu anaweza kuzifanya 14,000 au sifuri akiwa amelala. Sarafu halisi ya kidijiti ina daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma. Wengi wa matapeli hawa hupokea USDT, sarafu iliyofungamanishwa na dola ya Marekani, kwenye mtandao wa Tron. Anwani uliyopewa ya kuwekea huanza na herufi T, na ina herufi na tarakimu 34. Inakili, ibandike kwenye Tronscan, ambayo ni tovuti ya wazi isiyohitaji nywila. Utaona hela yako ilipoingia, dakika na saa, na anwani ilikohamishiwa. Kuhama peke yake si hatia, kwa kuwa hata masoko halali huhamisha amana. Lakini skrini ikisema una 1,400 wakati anwani uliyopewa imebaki tupu, basi hiyo 1,400 ni ahadi ya mtu tu, na mtu huyo humjui jina wala anapoishi.

OneCoin ilikwenda mbali zaidi. Iliuzwa duniani kote kuanzia mwaka 2014, Uganda ikiwemo, na haikuwa na daftari la kweli kabisa. Watu walinunua sarafu isiyokuwepo, wakaitazama bei yake ikipanda kwenye skrini kwa miaka. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017, na mwenzake Karl Greenwood alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mjini New York mwaka 2023. Wapo waliolipwa humo pia, na waliolipwa ndio waliowaleta wengine.

Hoja nyingine nazijibu kwa ufupi, maana zote zinaegemea hiyohiyo. "Aliyeniunganisha ni mtu wa kanisani kwetu, hawezi kunidanganya." Hakudanganyi. Amedanganywa kabla yako, na uaminifu wake ndio tapeli anaoutumia. "Wana cheti cha BRELA." Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kinasema kampuni ina jina. Hakiruhusu kupokea amana za watu. Ruhusa hiyo hutoka Benki Kuu, na ya uwekezaji hutoka CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana. "Serikali sasa inatoza kodi ya kripto, kwa hiyo ni halali." Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijiti. Kodi haiigeuzi programu yoyote kuwa na leseni, na tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lilieleza wazi kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini.

Kodi hiyo sasa imekuwa fimbo ya mwisho ya kumpigia aliyekwama. Anaomba kutoa milioni tano, anajibiwa: tuma kwanza laki nne za kodi. Kodi ya zuio hukatwa ndani ya malipo, ndiyo maana ya kuzuia. Kama kweli wana milioni zako tano, wakate humo wakutumie kilichobaki. Anayekutaka utume hela mpya ili upewe hela yako ya zamani, hana ya zamani. CBEX ilipofunga utoaji, wateja waliambiwa walipe dola 100 kama salio liko chini ya dola 1,000, na dola 200 kama limezidi, eti kuthibitisha akaunti. Waliolipa walipoteza mara mbili.

Acha basi kuuliza kama inalipa. Uliza hela inayokulipa inatoka wapi, nani ananunua nini, na kwa faida gani. Ukijibiwa kwa maneno kama akili bandia, roboti na siri ya kampuni, umeshajibiwa. Na ukiona kipato chako kinaongezeka kwa kuleta watu, huo ni upatu, kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, hata ukiitwa kwa jina la sarafu.

Ya kufanya sasa, kwa haraka.

Kabla hujaweka: tafuta jina la kampuni kwenye orodha za Benki Kuu na CMSA, lisipokuwepo, funga mazungumzo. Usipakue programu kwa linki au faili la WhatsApp na Telegram. Maneno 12 au 24 ya siri ya pochi yako usimpe mtu, hata anayejiita huduma kwa wateja.

Ukinunua au kuuza USDT ili kulipa msambazaji China: jina la anayekutumia hela lifanane na jina la mwenye akaunti unayefanya naye biashara, na usiachie sarafu kwa kuona ujumbe au skrini shoti. Fungua menyu ya simu yako, angalia salio lako mwenyewe.

Ukishapigwa: usitume hela nyingine, hata shilingi. Piga 100 mara moja uongee na mtandao wako wa simu, waombe wazuie muamala. Hifadhi ujumbe, namba, anwani ya pochi na namba ya utambulisho wa muamala, kabla hujaondolewa kwenye grupu. Nenda polisi, kwa walio Kariakoo kituo cha Msimbazi kipo, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Namba za matapeli zitume kwenda 15040, na upige *106# uone kama kuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Badilisha namba za siri zote.

Na atakayekufuata akisema yeye ni mtaalamu wa kurudisha fedha, kwa malipo ya awali, ni mwizi wa pili. Muamala wa kripto ukishathibitishwa kwenye daftari haurudishwi na mtu yeyote, wala hakuna kitufe cha kuurudisha. Njia inayobaki, mara nyingi, ni vyombo vya dola kuifikia sarafu kabla haijageuzwa kuwa fedha taslimu, na hiyo inaanza na ile RB yako.

Kwa wewe ambaye programu bado inakulipa: omba kutoa mtaji wako wote leo, si faida tu. Wakikupa, shukuru Mungu na usirudi. Wakikuambia usubiri au ulipie, umejua. Kwa vyovyote vile, futa ule ujumbe wa malipo uliouweka kwenye status yako ya WhatsApp. Kuna jirani anausoma sasa hivi huku ameshika hela ya mzigo.