Makubaliano ya Jamii kama Msingi wa Maadili: Mfano wa Uvuvi wa Uvira

Swali mojawapo kuu la falsafa ya maadili ni hili: wajibu wa mtu kwa mwenziwe hutoka wapi? Wapo wanaoutafuta katika amri ya Mungu, na wapo wanaoutafuta katika akili. Nadharia ya mkataba wa jamii huutafuta katika makubaliano ya watu wenyewe. Katika Leviathan (1651), Thomas Hobbes alidai kwamba pasipo mapatano kila mtu huwa adui wa mwenziwe; amani hupatikana pale kila mmoja anapoacha sehemu ya uhuru wake kwa sharti kwamba wengine nao wataacha.

Uvuvi wa Uvira, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, unatoa mfano ulio wazi. Dagaa, ambao huko huitwa ndagala, huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mvuvi atumiaye wavu wenye matundu madogo mno huvua pia samaki wachanga: faida ni yake leo, hasara ni ya wote kesho. Hata hivyo, ajizuiaye peke yake hupoteza kitoweo bila kuliokoa ziwa. Hivyo basi, katazo la nyavu hizo halitokani na uovu wa uzi wenyewe, bali hupata nguvu wavuvi wote wanapolishika. Hapa Hobbes anaelekea kuwa sahihi.

Lakini kwa nini mapatano yashikwe? Waswahili husema ahadi ni deni. Iwapo wajibu wa kulipa deni hilo nao umetokana na ahadi, itahitajika ahadi nyingine kabla yake, na nyingine tena, bila kikomo. David Hume (1739–40) alijibu kwa mfano wa watu wawili wavutao makasia ya mashua moja: huenda pamoja ingawa hawajaahidiana lolote. Kwa maoni yake, makubaliano hutangulia ahadi; hukua polepole kutokana na mazoea na manufaa ya wote.

Inabaki hoja ya pili: nani amehesabiwa kuwa mshiriki? Tarehe 12 Juni 2003, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa kulihifadhi ziwa. Mwaka 2024, Tanzania ilifunga uvuvi katika maji yake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Watiao saini ni serikali; wabebao mzigo wa hatua kama hiyo ni wavuvi, na wanawake wanaoanika na kuuza dagaa.

T. M. Scanlon (1998) anatoa kipimo kinachofaa: kanuni ni halali ikiwa hakuna awezaye kuikataa kwa sababu ya haki. Mwenye wavu wa matundu madogo hana sababu hiyo, kwa kuwa pato lake hulipwa na wenziwe. Mchuuzi anayeachwa miezi mitatu bila njia ya kulisha wanawe anayo. Kwa hiyo makubaliano ni msingi wa maadili kwa kadiri tu yanavyoweza kutetewa mbele ya yule ayalipiaye zaidi, hata kama hakuwapo yalipofanywa.