Katuni iliyorudishwa na wanunuzi

Wakubwa wa televisheni wakifuta kipindi, je, watazamaji wana uwezo gani? Huko Marekani, katuni ya kuchekesha Family Guy ilianza kuonyeshwa na Fox mwaka 1999. Saa zake zilibadilishwa mara kwa mara, watazamaji wakapungua, na mwaka 2002 ikafutwa. Mwaka 2003 ilianza kuuzwa kwenye DVD, huku chaneli ya Adult Swim ikirudia vipindi vyake usiku. Marudio hayo yalikuwa kama tangazo: aliyecheka alitaka kununua. Ziliuzwa seti zaidi ya milioni moja. Fox ilipoona hesabu hiyo iliagiza vipindi vipya, na tarehe 1 Mei 2005 katuni ikarudi. Wanunuzi hao walitawanyika, hawakujuana, lakini walipohesabiwa pamoja, uamuzi uligeuzwa.