«Dada, unatuletea kifo?» Mwezi wa kwanza wa ajenti wa asiransi ya kilio

KOLWEZI. – Saa mbili ya asubui, ku Kapata. Mama mumoja anafagia mbele ya lupango yake. Ajenti anasimama, anasalimia: «Jambo mama.» – «Jambo sana.» Anatosha karatasi mu saki. Mama anasoma mustari wa kwanza, anaacha kufagia. «Dada, unatuletea kifo? Asubui hii? Pita kwanza kwa jirani.»

Tulipita kwa jirani. Naye alikatala. Mu nyumba ya tatu walitupatia viti na maji ya kunywa, lakini ni juu walifikiri kama tuko watu wa kanisa.

Ile ilikuwa siku ya pili ya kazi ya huyu dada. Ako na miaka 34. Mbele alikuwa anauzisha mayunite ya simu ku njia. Sasa anauzisha asiransi ya kilio: familia inalipa kidogo kila mwezi, na siku mutu mwenye kuandikwa mu kontra anakufa, kompanyi inatosha feza ya sanduku, ya motokari, ya malalo na ya chakula cha watu wenye wanalala mu kilio. Alituomba tusiandike jina yake wala ya kompanyi yake, juu kazi yake ingali mupya. Tulimukubalia. Tulitembea naye siku sita mu ule mwezi wa kwanza, tuone hii kazi inaanza namna gani, na kama inaweza kusaidia watu wa mugodi.

Zamani kazi ilikuwa inazika

Ku Kapata, wazee wenye walitumika Gécamines wanakumbuka wakati yote ilitoka ku kazi: nyumba, posho, masomo ya watoto, hopitali, na siku ya musiba, sanduku na motokari ya kupeleka maiti ku malalo. Mutu hakukuwa anajiuliza nani atamuzika. Kazi ilikuwa kama muzazi.

Kisha ule muzazi alikosa nguvu. Mu 2003 na 2004, mu mupango wenye uliitwa «Départs Volontaires», wenye Banque Mondiale ilisaidia kulipia, wafanyakazi 10.655 walitoka Gécamines na feza ya mara moja mu mukono. Wengi walimaliza ile feza mbele watoto wamalize masomo. Tangu pale, kilio ni mambo ya familia, ya likelemba, ya kanisa, na ya daftari ya michango yenye inapita mu kartie.

Mufanyakazi mwenye kuandikwa ku CNSS, akikufa juu ya ajali ya kazi, sheria inapangia familia yake malipo, na feza ya maziko iko ndani. Lakini muchimbaji wa mu shimo, mwenye hakuna patro anamuandikisha? Na mama yake muzee? Na mutoto? Hapo njo ajenti wetu anaingilia.

Kama watu wanashangala kuona asiransi inafika ku mulango, ni juu jambo hili ni mupya kwetu. Tangu 1966, SONAS peke yake ilikuwa na haki ya kuuzisha asiransi mu inchi yetu. Wengi wanaijua tu juu ya motokari. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa 3, 2015, ilifungua soko, na mu 2019 kompanyi za kwanza za watu binafsi zilipata ruhusa. Yenye inachunga wote inaitwa ARCA. Ikiwa mutu anakuja kwako na karatasi ya asiransi, swali la kwanza ni hili: kompanyi yako iko na ruhusa ya ARCA? Mwenye kukasirika juu ya ile swali, umufungie mulango.

Hana mushahara

Mafunzo yake yalikuwa siku tano. Walimufundisha kujaza karatasi, kupokea feza kwa njia ya simu, na kuongea. «Walituambia tusianze na kifo, tuanze na watoto,» anatuambia. «Lakini mu kartie, ukizunguka sana watu wanafikiri unaficha kitu. Siku ya tatu niliacha. Sasa ninasema: mama, ninakuja juu ya kilio. Wengine wanafunga mulango. Wenye wanabakia, tunaongea vizuri.»

Hana mushahara. Anapata sehemu ya feza yenye mukliya analipa. Mukliya akiacha kulipa mu miezi ya kwanza, ofisi inamukata ile sehemu. Tena nauli ni yake, mayunite ya simu ni yake, viatu ni yake. Mutu mwenye kuanza hii kazi inafaa akuwe na kitu ingine cha kula kwa miezi mingi. Yeye ako na bwana mwenye anaendesha motokari. «Kama si yeye,» anasema, «ningekuwa nimerudia ku mayunite.»

Na hapo njo hatari iko. Ajenti mwenye njaa anaweza kusainisha mutu yeyote, na kusema ndiyo kwa kila swali.

«Na nikifia mu shimo?»

Ku Kasulo, tulikuta vijana wane wameikala juu ya mifuko, wanangojea motokari. Mumoja alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: «Yaya, sawa. Na nikifia mu shimo?»

Watu wa Kolwezi hawaulizi ile swali kwa kucheka. Mu mwezi wa 6, mwaka wa 2019, udongo uliporomoka mu mugodi mumoja wa hapa na kuua wachimbaji zaidi ya 30. Kila kartie ilikuwa na kilio.

Ajenti hakujua jibu. Tuliona anaangalia karatasi, anageuza, anageuza tena. Angeweza kusema «bila shaka wanalipa». Hakuna mutu angemukamata. Alisema: «Ndugu yangu, sijui. Nitauliza, nitarudi kesho.»

Kesho yake alirudi kweli. Jibu lilikuwa si tamu. Kontra yenye anauzisha inalipa kama muchimbaji ako na karte yake na anatumika fashi yenye serikali iliruhusu kuchimba kwa mukono. Akiingia usiku mu fashi ya kompanyi ya watu, na udongo ukimufunika kule, hawalipi.

Yule kijana alicheka. «Basi asiransi yenu inalipa paka nikifia mu kitanda.» Hakusaini. Lakini mwenzake, mwenye alikuwa kimya siku zote mbili, alimuita pembeni. «Mimi sijijali. Andika mama yangu. Eko Likasi, eko na nguvu. Sitaki siku moja niombe feza ku njia juu ya kumuzika.» Ule ulikuwa mukliya wake wa kwanza. Siku ya nane.

Mama wa Kapata anaita tena

Siku mbili nyuma, simu ililia. Ilikuwa yule mama wa fagio. Safari hii alitufungulia mulango mwenyewe, akaufunga nyuma yetu. Mu chumba, muzee alikuwa analala, anakohoa. Miaka mingi alitumika mu mugodi, sasa kifua kimemukatala. Dawa zilikuwa juu ya meza.

Mama aliongea polepole. «Mwanangu, andika muzee. Feza ya mwezi wa kwanza iko hapa. Mu karatasi, andika tu kama eko muzima.»

Ajenti alikuwa anakosa wakliya watatu juu ya kufikia hesabu ya mwezi. Mu njia alikuwa ametuambia kama mwenzake mumoja wa mafunzo anaandika vile: muzima, muzima, muzima, ofisi haiangalii. Na ni kweli, siku ya kupokea feza, mara mingi hakuna mutu anaangalia. Wanaangalia siku ya kulipa.

Alifunga bik yake. «Mama, nikiandika vile, utalipa kila mwezi. Siku ya kilio ofisi itaomba karatasi ya hopitali. Itaona alianza dawa mbele ya kusaini. Hawatalipa. Tena, hata kwa mutu muzima, kontra inangoja miezi sita kama ni ugonjwa. Ajali tu njo inahesabika tangu feza ya kwanza. Utanita mwizi, mama, na utakuwa unasema kweli.»

Mama hakujibu. Ajenti akaendelea: «Wewe mwenyewe uko na nguvu. Nikuandike wewe, ao watoto wako wakuandike. Juu ya baba, hii feza uiweke. Ita watoto wote leo, ongea na watu wa likelemba, na watu wa kanisa. Musingoje.»

Mama aliweka feza mu kitambaa, akatusindikiza mpaka ku njia. Hakusaini kitu. Sisi tulifikiri mambo imeishia pale.

Muzee alikufa mwisho wa ule mwezi. Tulienda ku kilio. Watoto walikuwa wamefika, daftari ya michango ilikuwa juu ya meza, na mutoto mumoja wa kiume alituambia kama likelemba ilitosha feza ya sanduku, juu mama alikuwa amepangana nao mapema. Ajenti alikuja na sukari na mchango wake kidogo. Saki ya karatasi aliiacha kwake. Aliikala chini na wamama.

Mwanamuke mumoja alimujua. Alisema kwa sauti: «Huyu si ule wa asiransi? Basi walipe, twende tuzike!» Watu walinyamaza. Mama mwenye kufiwa aliinua kichwa. «Huyu aliniambia mapema kama hawatalipa. Wengine wangekula feza yangu. Mumuache aikale.»

Mambo ya kuuliza mbele ya kusaini

Tunaandika hii juu wasomaji wetu wengi wataona ajenti ku mulango, na wengine watapenda kuwa ajenti. Kwa wote, maneno ni ile ile: yenye watu watauliza siku ya kilio, ni lazima isemwe siku ya kusaini.

Uliza muda wa kungoja ni miezi ngapi, juu ya ugonjwa na juu ya ajali. Uliza kifo gani hawalipi, zaidi sana kama mutu wenu anachimba. Uliza nini kinatokea mukikosa kulipa mwezi moja: kwa kontra mingi, feza ikisimama, ulinzi nao unasimama, na yenye mulilipa hairudi.

Fanya hesabu pia. Tuchukue mufano: dola 5 kila mwezi ni dola 60 ku mwaka. Kama kontra inalipa dola 1.000, nyuma ya miaka 17 familia imelipa kupita yenye itapata. Haimaanishe ni wizi. Wakati wote ule mulikuwa mumelindwa, na kifo hakingoji mumalize kuweka. Lakini ajenti wa haki anakuonyesha ile hesabu yeye mwenyewe. Tena hii haichukui fashi ya likelemba. Likelemba inajua muzee wako anagonjwa na bado inakusaidia. Asiransi haifanye vile.

Angalia majina. Kama ku karte ya uchaguzi iko jina moja, na ku kontra jina lingine ao herufi imekosekana, kilio kitaisha mungali munatafuta karatasi. Na zaidi ya yote, angalia jina ya mwenye atapokea feza. Bibi mingi wanajua namna familia ya bwana inaweza kufika na kubeba hata masufuria. Mutu mwenye jina yake imeandikwa mu kontra njo analipwa. Kama bibi njo atabakia na watoto, bwana aandike bibi, na karatasi ikuwe fashi yenye bibi anajua. Kontra yenye inafichwa mu sanduku ya nguo bila mutu kujua haiziki mutu.

Ku mwisho wa mwezi, ajenti wetu alikuwa na wakliya watatu. Ofisi ilikuwa inangojea sita. Hajui kama watamuachilia mwezi wa pili. Mu lupango ya yule mama hakuna mutu amesaini mpaka leo. Lakini siku ile tunatoka ku kilio, mutoto wa kiume alitufuata mpaka ku njia. Hakuomba karatasi. Aliomba tu namba ya simu, akaiandika nyuma ya daftari ya michango.