Sura ya Sita: Mafuta Yanakaa Wapi

Chukua wanawake wawili wa Mkoa wa Pwani. Wote wana urefu wa sentimita 155 na uzito wa kilo 56. Mmoja analima mihogo na kutafuta kuni huko Maneromango, Kisarawe. Mwingine ana duka la vipodozi Maili Moja, Kibaha, na anakaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi hadi saa mbili usiku. Gawanya 56 kwa 1.55, kisha jibu ligawe tena kwa 1.55, utapata 23.3. Huo ndio uwiano wa uzito na urefu, na kwa wote wawili ni ule ule. Jedwali la Shirika la Afya Duniani linawaweka pamoja katika fungu la watu salama, kati ya 18.5 na 24.9. Aliye chini ya hapo amekonda. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo.

Wanawake hawa nimewabuni mimi, ila tofauti iliyopo kati yao si ya kubuni. Mizani hujumlisha mifupa, misuli, maji na mafuta, ikatoa jibu moja tu. Mama wa Maneromango anaweza kuwa na mafuta robo ya uzito wake, yaani kilo 14. Mwenzake wa Maili Moja anaweza kuwa nayo zaidi ya theluthi, kilo 20 hivi. Hizo kilo sita za tofauti hazionekani popote kwenye 23.3, kwa sababu pale mwenye duka alipoweka mafuta, mkulima ameweka misuli.

Kanuni hii haikutungwa na daktari. Adolphe Quetelet alikuwa Mbelgiji, mtu wa hesabu na elimu ya nyota, aliyekuwa akimtafuta "mtu wa wastani" kwenye takwimu za umma. Mnamo 1832 alieleza kwamba kwa watu wazima uzito huenda na mraba wa urefu. Hakuwa na nia ya kumwambia mtu yeyote kwamba ni mnene. Miaka 140 baadaye, mwaka 1972, Mmarekani Ancel Keys na wenzake walizishindanisha kanuni kadhaa za aina hiyo wakitumia vipimo vya watu zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano, wakaona ya Quetelet haina ubaya ukilinganisha na nyingine, wakaipa jina inalojulikana nalo leo duniani. Watu hao wote walikuwa wanaume. Kipimo ambacho leo hutumika hata kliniki za akina mama kilipata sifa yake bila mwanamke hata mmoja kupimwa.

Walioanza kukitilia shaka kwa sauti kubwa walikuwa Wahindi. Mwaka 2004 jarida la Lancet lilichapisha picha ya madaktari wawili, Chittaranjan Yajnik wa Pune na John Yudkin wa London. Wote walikuwa na uwiano wa 22.3. Walipopimwa mafuta, Yudkin alikuwa na asilimia 9.1 na Yajnik asilimia 21.2. Picha hiyo ilichekesha, lakini nyuma yake kulikuwa na kazi ya miaka mingi. Tangu 1993 Yajnik alikuwa akifuatilia wanawake wa vijiji sita karibu na Pune, wakulima wembamba ambao uwiano wao wa wastani ulikuwa 18 tu. Watoto waliowazaa walikuwa na kilo 2.7, wakati wale wa Southampton, Uingereza, walikuwa na kilo 3.5. Mtu angetarajia mtoto mdogo awe mdogo kila mahali. Haikuwa hivyo: misuli ilikuwa haba, viungo vya tumboni vidogo, lakini mafuta chini ya ngozi ya mgongo yalikuwa karibu sawa na ya Mwingereza. Mimba inayokua kwa chakula kidogo hubana matumizi, na inachokibana kwanza si mafuta bali misuli. Mtoto huyo akikua na kuanza kula vizuri, anaongeza mafuta juu ya mwili usio na misuli ya kutosha kuyachoma, na kisukari kinamfika akiwa bado anaitwa mwembamba. Mwaka huo huo wa 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikubali kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianze mapema, kwenye 23.

Kwa mstari huo wa 23, mama zetu wawili wangekuwa wameshaingia kwenye tahadhari. Je, mstari huo ni wao?

Jibu la kwanza linapatikana mwendo mfupi tu kutoka Kibaha, Dar es Salaam. Mwaka 1989 Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao wa Muhimbili walichapisha matokeo ya kupima sukari kwenye vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara: wenye kisukari walikuwa takriban mtu mmoja kati ya mia. Miaka miwili baadaye Kaushik Ramaiya, akiwa na McLarty na Swai hao hao, alitoa matokeo ya jumuiya za Wahindu wa Dar es Salaam, na huko ilikuwa karibu mtu mmoja kati ya kumi, ingawa jumuiya moja ilitofautiana na nyingine. Nchi moja, maabara zile zile. Wengi walihitimisha kwamba Mwafrika ana kinga.

Hitimisho hilo lilikuwa na upofu wake. Wale wa vijijini walikuwa na jembe mkononi, wale wa mjini walikuwa na duka, na kulinganisha damu ya watu hawa bila kulinganisha siku zao ni kupima vitu viwili kwa pamoja. Hata hivyo ukweli fulani upo ndani yake. Kwa wastani, mwanamke mwenye asili ya Afrika huhifadhi mafuta zaidi chini ya ngozi, kwenye nyonga, makalio na mapaja, na machache zaidi ndani ya tumbo kuliko mwanamke wa Asia Kusini mwenye uwiano ule ule.

Mahali yanapokaa ndipo penye uzito wa jambo. Mafuta ya mapajani yanafanana na akiba ya SACCOS: yanaingia taratibu na hayatolewi ovyo. Yale yanayozunguka utumbo hufanya kazi kwa namna nyingine. Hujaa na kutoka haraka, na damu inayotoka huko hupita kwanza kwenye ini kabla ya kufika mahali pengine popote. Ini likishapokea mafuta mengi kupita kiasi, linaacha kuitii insulini, linamwaga sukari kwenye damu hata mtu akiwa hajala, na kongosho linalazimika kutoa insulini zaidi na zaidi hadi linachoka. Kwa hiyo mwanamke mwenye nyonga pana na kiuno kilichobana, yule ambaye Pwani nzima inamsifu kwa shepu, kibaiolojia amekaa pazuri kuliko mwembamba wa miguu mwenye kitambi. Wasifiaji wa vibarazani waliliona hilo kabla ya maabara, japo kwa sababu zao.

Wala kinga hiyo si ya kuitegemea. Afrika Kusini, wanawake weusi walionekana kuwa na mafuta machache ya ndani ya tumbo kuliko weupe, na bado miili yao haikuitii insulini vizuri zaidi. Kenya, watafiti walitumia mashine ya altrasaundi kupima mafuta ya tumbo kwa Waluo, Wakamba na Wamasai, wakakuta makabila yanatofautiana na watu wa mjini wanawazidi wale wa shamba. "Mwafrika" mmoja wa kuandikiwa jedwali lake hayupo, kama ambavyo "Mwasia" mmoja hayupo.

Tukirudi Kisarawe, kuna historia ambayo jedwali haliijui. Wazaramo walikuwa na desturi ya kumweka mwali ndani baada ya kuvunja ungo. Hakwenda shamba, hakuchota maji, jua halikumpiga. Alikula na kufundwa, na katika mafunzo hayo alikuwa na mwana hiti, kisanamu cha mti. Miezi ilipita, zamani hata miaka, ndipo akatolewa kwa ngoma mbele ya watu, amenawiri, ngozi inang'aa. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeishi na Wazaramo na kutoa kitabu chake juu yao mwaka 1970, aliyaona haya katika zama ambazo muda wa kukaa ndani ulikuwa umeshaanza kufupishwa. Mtaalamu wa lishe akisoma habari hii leo anaweza kukunja uso. Mimi naona hesabu ndani yake. Katika nchi ambako ghala lilikuwa likibaki tupu kila mwaka kabla ya mavuno, msichana aliyekuwa karibu kubeba mimba na kunyonyesha aliwekewa akiba mwilini na ukoo mzima. Na aliyepata akiba hiyo alirudi shambani. Kunenepa kulikuwa na mwisho wake.

Halafu ikaja miaka ya 1980 na UKIMWI, na kukonda kukawa tangazo la kifo. Uganda ugonjwa wenyewe uliitwa kwa jina la wembamba. Mpaka leo, mwanamke wa Mlandizi akipungua kilo tano kwa juhudi zake mwenyewe, swali la kwanza la jirani ni: "Shoga, vipi, unaumwa?" Muuguzi anayemwambia apunguze uzito anashindana na swali hilo, na mara nyingi anashindwa.

Kinachobadilika sasa si desturi ya kula bali ile ya kurudi shambani. Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika fani hii uliwafuata watu 209 kutoka Morogoro Vijijini walipohamia Dar es Salaam, safari inayopita katikati ya Kibaha, na kuwapima kabla na baada ya kuhama. Ulichapishwa mwaka 2010, Nigel Unwin akiwa mwandishi wake wa kwanza. Kati ya 132 waliofuatiliwa hadi mwisho wa mwaka mmoja, wanawake waliongezeka kilo 2.4 na wanaume kilo 2.3. Wanawake waliofanya kazi nzito walishuka kutoka 38 hadi 16 katika kila mia. Chakula hakikuharibika kama tunavyopenda kuhubiri: mjini walikula nyama zaidi, ndiyo, lakini na mboga na matunda zaidi pia. Kilichotoweka ni jasho.

Watu wa Kibaha na Kisarawe hawahitaji hata kuhama, maana mji umewafuata nyumbani. Mashamba ya mikorosho na mihogo yamekatwa viwanja. Bodaboda imechukua nafasi ya miguu. Maji ya bomba kutoka Kibamba yalipofika mji wa Kisarawe mwaka 2020, wanawake walitua ndoo kichwani, na hakuna mwenye akili anayetamani wazibebe tena. Lakini ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mwili uliozoea kuibeba kila siku ukiachishwa ghafla hauachi kula kwa kiwango kile kile. Kitaifa mwelekeo unaonekana wazi. Katika utafiti wa afya ya jamii wa 1991–92, mwanamke mmoja hivi kati ya kumi alikuwa na uwiano wa 25 au zaidi. Kufikia 2015–16 walikuwa 28 kati ya mia. Mjini walikuwa 42, vijijini 21. Na bado 10 kati ya mia walikuwa wamekonda, wakati mwingine ndani ya nyumba moja na wanene.

Ndiyo maana mimi kikomo cha 23 au 25 hakininyimi usingizi. Ningependa kujua mambo mawili: uzito huu umekuja lini, na kiuno kina sentimita ngapi. Kilo nane zilizoongezeka tangu mtoto wa mwisho hazina maana sawa na kilo nane alizokuwa nazo tangu usichana, hata kama jumla ni ile ile.

Kwa kiuno, futikamba ya fundi cherehani inatosha. Ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi na si juu ya kanga, mwisho wa kutoa pumzi, bila kukaza. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliweka sentimita 80 kwa wanawake, na kwa Waafrika likasema watumie vipimo vya Ulaya hadi vyao vipatikane. Vilipokuja kuchambuliwa kutoka nchi kadhaa za Afrika, katika matokeo ya 2018, kikomo kilichofaa kilikuwa kama sentimita 81 kwa wanawake. Kwa wanaume kilikuwa 81 vilevile, si 94 ya Wazungu, habari mbaya kwa waume wengi wa Kibaha wanaodhani sura hii haiwahusu. Wapime sasa wale mama zetu: ikiwa wa Maneromango ana 72 na wa Maili Moja ana 86, wameshaachana, na ilitosha utepe wa bei ya soda.

Tatizo ni nani atampima, na lini. Huduma ya afya ya mama na mtoto humpandisha mwanamke kwenye mizani kila anapohudhuria akiwa mjamzito. Akishazaa, anayepimwa kila mwezi ni mtoto. Akishafunga uzazi, hana sababu tena ya kwenda kliniki mpaka augue. Miaka michache baadaye hedhi inakoma, estrojeni inashuka, na mafuta yaliyokaa nyongani ujana wote yanaanza kuhamia tumboni, mara nyingi bila uzito kubadilika sana. Umri ambao kiuno chake kinahitaji kupimwa kuliko wakati wowote ndio umri ambao zahanati imeshamsahau.